Mtoto wa Khatib na Jina la Chai

Siku ya kwanza Mize kufika Wingwi, kisiwani Pemba, aliomba chai na watu wakacheka.

Hakuwa na nia ya kumchekesha mtu. Alikuwa ametoka Shimoni, pwani ya Kenya, ndani ya mashua ya mashine pamoja na wachuuzi wa dagaa. Waliteremshwa ufukweni asubuhi, naye akatembea na begi lake kichwani akipita mashamba ya mihogo, mpaka alipoona baraza yenye birika na chupa za chai. Miguu ilikuwa imemvimba. Mwenye baraza, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alimtazama toka juu hadi chini, akamwuliza, "Kwataka nini, mwanangu?"

"Nipe turungi, mama."

"Nini?"

"Turungi. Ya moto."

Wanaume watatu waliokuwa wameegemea ukuta waligeuza shingo. Mmoja akanong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Turungi ndiyo dawa ya nini?" Yule mama akafunua sufuria ya kwanza, akafunua na ya pili, kana kwamba huenda turungi imo humo na yeye hana habari. Mize ikabidi aeleze kwamba ni chai tupu, majani na sukari, bila ya maziwa. Mama akapiga kofi. "Yailahi! Si useme chai ya rangi!"

Kicheko kikalipuka, na Mize akacheka nao, maana alikuwa amechoka na kile kicheko kilimpa ahueni. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulishajua kwamba Bi Maryamu wa barazani ana mgeni Mkenya, na jina lake ni Turungi.

Lakini Mize hakuwa Mkenya, na hilo ndilo lililomvusha bahari.

Baba yake, Khatib Silima, alizaliwa papo hapo Wingwi. Alivuka angali kijana akiwafuata samaki, akakaa Shimoni miaka arobaini, akamwoa mwanamke wa Mombasa aliyekuwa akiuza chai penye mashua. Walipata mtoto mmoja tu. Khatib akampa jina la bibi yake, Mize, jina ambalo wenziwe wa shule walilitamka kila namna isipokuwa ile inayotakiwa. Khatib hakupata kitambulisho cha Kenya mpaka anaingia kaburini. Mwanawe naye hakupata. Watu wa serikali wa kuandikisha raia walipopita mtaani kwao, Mize alikuwa wodini akimwuguza babake, na aliporudi nyumbani wameshakwenda. Aliambiwa asubiri. Alisubiri. Mama yake alikuwa ametangulia zamani. Mwezi wa Rajabu baba naye akamfuata.

"Usikae hapa peke yako," Khatib alikuwa akimwambia wakati bado anaweza kusema. "Nenda nyumbani. Dada yangu Saada atakupokea. Wewe una kwenu."

Mize alikuwa na miaka thelathini na minane. Aliwahi kuolewa akaachwa, na mtoto hakujaaliwa. Hapakuwa na daftari hata moja ulimwenguni lililokuwa na jina lake.

Shangazi Saada alikuwa akimjua kwa sauti tu. Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, Bi Saada aliazima simu ya mjukuu wake na kumpigia kaka yake. Macho yake yalishazimika siku nyingi. Wakimaliza kusemezana ya kwao, alitaka apewe Mize, na hapo huanza mchezo wao ambao haukuwahi kubadilika kwa miaka minane.

"Leo kwanywa nini, mwanangu?"

"Turungi, shangazi."

Upande wa pili bibi hucheka mpaka akakohoa. "Na nini tena?"

"Na kahawa tungu."

"Tungu! Sisi huku yetu chungu. Na maziwa je?"

"Maziwa lala."

"Yamelala wapi? Kitandani?"

Huo ndio uliokuwa udugu wao wote. Halafu mjukuu akaenda Uarabuni kutafuta kazi, na nambari yake ikazimika. Miezi miwili baadaye Khatib akafa, na Mize hakuwa na njia ya kumfikishia shangazi yake habari isipokuwa kwenda nayo mwenyewe.

Alipoulizia nyumba ya Bi Saada, aliambiwa hayupo. Alianguka akavunjika nyonga, na bintiye Zulekha akampeleka Unguja kutibiwa. Haijulikani atarudi lini. Aliyekuwepo ni Hamzah, binamu wa Khatib, ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akilima shamba la Khatib na kuchuma mikarafuu yake kumi na miwili.

Hamzah alimkaribisha uwanjani. Hakumkaribisha ndani. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye desturi ya kutazama vidole vyake wakati anasema.

"Mwaka juzi," alisema, "kijiji cha pili hapo alikuja mtu, akajifanya mtoto wa marehemu. Alilia mpaka watu wakalia naye. Baada ya miezi mitatu shamba limeuzwa na mwenyewe hajulikani alipo. Mimi sikwambii wewe ni kama yule. Nakwambia tulichokiona."

"Ami, mimi sitaki mikarafuu. Nataka shangazi anijue tu. Nipe nambari ya dada Zulekha nizungumze naye."

"Mgonjwa hasumbuliwi. Na kama kweli Khatib kafa, hiyo si habari ya kumpa mtu aliyelala kitandani. Akirudi Saada, atasema mwenyewe kama wewe ni damu yake."

Mize akaenda kwa Sheha, mkuu wa mtaa, kwani bila ya barua ya Sheha hakuna kitambulisho. Sheha Masoud alikuwa mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni mwa shati, na alimsikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Akamwuliza kama ana cheti cha kuzaliwa. Hana. Cheti cha babake? Hana. Shahidi? Yuko Unguja, mgonjwa.

"Basi na mdomo pia huna, mama," alisema Sheha, na alisema kwa huruma, jambo lililomwuma Mize zaidi. "Mtu wa hapa nikimsikia tu namjua. Hata akiwa gizani. Wewe ukisema nasikia Mombasa. Niandike nini?"

Mize akabaki kwa Bi Maryamu. Mama huyo alikuwa mjane, wanawe wameolewa mbali, na alifurahi kupata mtu wa kumsaidia kuinua masufuria. Pale barazani Mize aligundua kwamba kila mtu ana jina lake la kinywaji. Mzee Yussuf mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka Omani, husema "gahawa," na hunywa vikombe vitatu bila ya kupumzika. Mwalimu Ashraf, aliyeletwa kufundisha kutoka Tanga, huagiza "mkandaa," na kila akiagiza watu hushika mbavu, kwani hapo Wingwi mkandaa ni mti wa kwenye mikoko unaochunwa magome ya kutilia rangi. "Mwalimu anataka kunywa mti!" humwambia. Naye hucheka, hupewa chai yake, na mambo huishia hapo. Hakuna aliyemwuliza Mwalimu Ashraf kwao wapi. Hakuna aliyemwuliza Mzee Yussuf. Kwa Mize kila neno lilikuwa na mkia.

Siku moja Bi Maryamu, ambaye hakusoma, alimwomba amwandikie kibao cha kutundika ukutani ili wapita njia wajue kuna nini. Mize alipata ubao na rangi nyeupe, akakaa asubuhi nzima, akaandika kwa herufi nzuri: TURUNGI. KAHAWA TUNGU. MAZIWA LALA. JUSI YA UKWAJU. Hakufanya kwa ubishi. Yale ndiyo maneno aliyoyajua, alivyokuwa akiyaona kwenye kibao cha mama yake toka angali mdogo.

Kesho yake kibao kilikuwa kimesahihishwa kwa rangi nyekundu, kama daftari la mtoto wa shule. Turungi imepigwa mstari, juu yake "chai ya rangi." Tungu imegeuzwa "chungu." Maziwa lala, "mtindi." Jusi imeongezwa irabu. Na chini kabisa, palipokuwa na nafasi, mtu ameandika: RUDI KWENU.

Bi Maryamu aliuliza kumeandikwa nini. Mize akamsomea masahihisho, akaacha maneno mawili ya mwisho. Kisha akakiteremsha kibao, akakigeuza, akasema, "Mama, nifundishe kusema."

"Kusema nini?"

"Kila kitu. Nataka shangazi akirudi anikute mtu wa hapa."

Basi akajifunza, kama mtoto anavyoanzishwa juzuu, neno baada ya neno. Bi Maryamu alikuwa mwalimu mkali. "Usiniambie wataka. Kwataka." Maneno yalimwingia kwa mwezi mmoja tu. Kilichomtaabisha ni lahani, ile namna sauti inavyopanda mahali na kurefuka mahali. Aliifanyia mazoezi kisimani, akaifanyia mazoezi anapopeta mchele, akisema peke yake kama mwenye wazimu. Neno la zamani likimponyoka, alijipiga kidogo mdomoni kwa vidole. Ramadhani ikaja ikapita. Idi ikapita. Akaacha hata kuota kwa lugha ya mama yake, au ndivyo alivyomwambia Bi Maryamu.

Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, alipita mchuuzi wa vyungu kutoka Pujini, akaketi akanywa chai, akazungumza naye muda mrefu juu ya mvua na bei ya mihogo. Alipoondoka alimwambia Bi Maryamu, "Binti yako mchangamfu." Mize aliingia jikoni, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa furaha. Hakuwa amelia toka kumzika babake.

Hiyo ndiyo siku njema aliyoipata Wingwi. Haikuja nyingine.

Bi Saada alirudi mwezi wa Mfungo Nne. Hamzah hakutaka Mize aende kumwona nyumbani. Alisema jambo liwe mbele ya watu, lisemwe mara moja na liishe, na Sheha akaona ni sawa. Wakakutana barazani kwa Sheha baada ya alasiri: Sheha na daftari lake, Hamzah, Bi Maryamu, Mzee Yussuf, majirani wanne watano. Mize alikuja na chupa ya chai na vikombe ndani ya kikapu, amevaa baibui aliloazimwa.

Zulekha alifika akimwongoza mama yake hatua kwa hatua. Bi Saada alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Mize alikuwa amemfikiria jimama, kumbe ni mfupa na ngozi, gongo mkononi, macho meupe. Wakati bibi anawekwa kwenye kiti, Zulekha alimvuta Mize kando.

"Mama hajaambiwa kuhusu mjomba Khatib," alisema haraka. "Daktari alisema asishtuliwe. Tumemwambia tu Mize amekuja kumsalimia. Amefurahi, hajalala tokea jana. Usimwambie leo."

"Sitamwambia," Mize alisema.

Akasogea, akapiga magoti mbele ya kiti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Bi Saada aliinamisha kichwa, akatega sikio la kulia. "Nani?"

"Mimi Mize, shangazi." Akamimina chai ili mikono yake ipate kazi. "Kwataka chai ya rangi, au nikutilie maziwa?"

Alilisema vizuri. Lahani ilipanda pale inapotakiwa kupanda, ikashuka pale inapotakiwa kushuka. Bi Maryamu, pale alipokaa, alitikisa kichwa kwa fahari. Lakini uso wa Bi Saada ulifunga.

"Mwanamke huyu nani?"

"Mize, mama," Zulekha alisema. "Mize wa mjomba Khatib."

"Mize wa Khatib namjua. Nimesema naye miaka minane. Huyu ni mtu wa hapa hapa. Mtoto wa nani huyu, anayenichezea?"

"Shangazi, ni mimi. Nimejifunza kusema kama nyinyi. Nilitaka ufurahi."

"Mize chai haiiti hivyo."

"Turungi!" Mize akasema. "Shangazi, turungi! Na kahawa tungu! Na maziwa lala, ukaniuliza yamelala wapi, kitandani!"

Lakini hata mwenyewe alijisikia. Maneno yalikuwa yale yale, na sauti haikuwa yake. Turungi ilitoka imerefushwa mwishoni kama wanavyorefusha watu wa Wingwi wanapomwigiza Mkenya. Akarudia. Ikawa vile vile. Akatafuta kooni mwake ile sauti aliyozaliwa nayo, sauti ya mama yake ya kuita wateja, na akaikosa, kama mtu anayepapasa mfukoni kwa kitu alichokuwa nacho sasa hivi. Alijaribu mara ya tatu, na neno likatoka nusu.

"Anaigiza," alisema Bi Saada. "Tena anaigiza vibaya."

"Bi Saada," Bi Maryamu aliingilia, "wallahi huyu alipofika hapa hakuwa na neno jingine. Turungi, turungi, mji mzima tukamcheka! Mwulize Sheha. Mwulize Mzee Yussuf."

"Kweli," alisema Mzee Yussuf. "Alikuwa akisema."

Hamzah alitazama vidole vyake. "Turungi inasemwa na watu wote wa pwani ile, toka Vanga mpaka Mombasa. Hiyo mimi hainiambii mtoto wa Khatib. Inaniambia mtu wa Kenya."

Sheha Masoud alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi muda wote huo. Akaiweka chini. "Nami niandike lipi?" alisema, na alionekana amechoka kwa dhati. "Aliyekuja hapa akisema turungi, tulisema si mtu wa kwetu. Huyu anayesema kama sisi, Bi Saada anasema si Mize. Niandike lipi?"

Bi Saada alinyoosha mkono hewani, na Mize akauwekea uso wake. Vidole vya bibi vilipita kwenye paji, vikashuka puani, vikakaa pale. Vilikaa muda.

"Khatib yuko wapi?" aliuliza.

Zulekha alisema, "Mama, mjomba yuko..."

"Sikuulizi wewe. Namuuliza huyu. Kama wewe ni Mize, umekuja na nani? Mize hamwachi baba yake peke yake. Baba yake mgonjwa, hawezi hata kujitilia maji. Mize angemwacha na nani?"

Mize aliona Zulekha anamtikisia kichwa, usiseme, usiseme. Alifikiri kudanganya. Angeweza kusema yuko Shimoni, anakusalimu. Lakini uso wake ulikuwa bado mikononi mwa shangazi yake, na midomo ilikuwa inamtetemeka chini ya vidole vile, na bibi alikuwa anaisoma.

"Baba hayupo, shangazi," alisema. "Alifariki Rajabu."

Bi Saada aliuondoa mkono wake kama aliyegusa chungu cha moto.

"Muongo!" Sauti yake ndogo ilipasuka. "Kaja kuniulia ndugu yangu huyu! Khatib hajafa. Mize yuko kwao na baba yake, na simu ikipatikana atanipigia Ijumaa. Mtoeni huyu mbele yangu. Mtoeni!" Akaupiga mguu wa kiti kwa gongo, kikombe kikapinduka, chai ikamwagika magotini mwa Mize na kuingia kwenye baibui la kuazima.

Zulekha alimwinua mama yake akilia. Majirani wakatawanyika mmoja mmoja bila ya kuagana. Sheha alilifunga daftari. "Siwezi kumwandikia barua mtu ambaye shangazi yake mwenyewe kamkana," alimwambia Bi Maryamu, maana hakuweza kumtazama Mize. "Mungu anajua. Mimi siwezi."

Mize aliokota vikombe vyake, akavihesabu, akavirudisha kikapuni. Alikuwa akiwaza jambo moja: kwamba vile vidole vilipokaa puani mwake, shangazi alimjua. Alimjua, na kumjua huko kulikuwa na maiti ndani yake, kwa hiyo alikusukuma mbali. Hakuna barua wala ushahidi ambao ungelishinda hilo. Kila Mize angethibitisha kuwa yeye ni nani, ndivyo angemzika baba yake mbele ya bibi huyu.

Siku ya tisa Zulekha alikuja barazani. Alingoja wateja wapungue.

"Mimi nakujua," alisema. "Una pua ya mjomba Khatib. Lakini sina la kufanya, mjomba Hamzah ndiye anayetusimamia, na mama nikikutaja tu hupandwa na presha. Nimekuja kwa shida. Nyonga yake haikupona. Peke yangu siwezi kumwinua, wala kumwosha. Na wa kumlipa sina."

"Nitakuja," Mize alisema.

"Lakini usiseme. Hata neno moja. Nimemwambia nimepata mtu wa kunisaidia, msichana bubu."

"Nitakuja," alisema tena.

Akawa bubu, na kidogo kidogo hata jioni kwa Bi Maryamu akaacha kusema. Kila asubuhi aliingia nyumba ya shangazi yake kwa mlango wa uani, akamwinua, akamwosha, akambadilisha nguo, akamlisha uji kwa kijiko, akamsugua miguu kwa mafuta ya nazi. Bi Saada alimpenda haraka. Alisema mikono ya bubu ina akili. Alimshika kiganja akamwambia mambo ya zamani, namna yeye na Khatib walivyokuwa wakiiba mabungo na kupigwa pamoja, namna Khatib alivyoondoka bila ya kumuaga kwa sababu aliogopa atalia. Mize alisikiliza. Alisikia utoto wa babake wote, mambo ambayo babake hakuwahi kumwambia, na hakuweza kuuliza hata swali moja.

"Nina mtoto wa kaka yangu ng'ambo," bibi humwambia. "Ungemsikia anavyosema, ungekufa kwa kucheka. Masikini wewe, hata kucheka sijui kama kwaweza." Kisha huongeza, "Hapigi siku hizi. Sijui nimemkosea nini."

Mara moja tu Mize alikaribia kusema. Ilikuwa asubuhi, Zulekha amekwenda sokoni, na bibi alikuwa ameketi kitandani, amechangamka, kikombe mkononi. Alikuwa anavuma kibwagizo cha maulidi. Mize alifungua kinywa. Alitaka kusema "shangazi," neno moja tu, ambalo Kenya na Pemba linasemwa sawasawa. Lakini pumzi ilipita bila ya sauti. Hakujua ni woga au ni kwamba alikuwa amekaa kimya mno. Bibi alimnyooshea kikombe kitupu, Mize akakipokea, na saa ile ikapita.

Bi Saada alikufa mwezi wa Mfungo Sita, kimya, baada ya kusali adhuhuri kitandani. Mize ndiye aliyekuwa amemshika. Zulekha alipiga ukelele, na nyumba ikajaa watu kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto. Wakati wa kumwosha waliingia wanawake wa ukoo. Mize alisimama mlangoni, Zulekha akamtazama, akamtazama na Hamzah aliyekuwa uani anasimamia sanda, kisha akainamisha macho. Mlango ukafungwa, na Mize akabaki nje.

Siku tatu za matanga alikuwa jikoni. Alipika kahawa, akaichuja, akaipeleka ndani kwa sinia, akarudi na vikombe vitupu. Katika chumba kikubwa wafiwa walikuwa wameketi ukutani kwa kufuata ukaribu wa damu: Zulekha mwanzo, kisha mabinti wa Hamzah, kisha wengine ambao marehemu labda aliwasikia mara mbili tatu kwa mwaka. Bi Maryamu alikuwa karibu na mlango, na kila Mize akipita alimgusa pindo la kanga.

Siku ya tatu walikuja wakwe wa Zulekha kutoka Pujini. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye tasbihi, alipokea kikombe, akaonja, akamtazama aliyempa. Macho ya Mize yalikuwa yamevimba kuliko ya wote mle ndani.

"Ahsante, mwanangu. Pole sana. Wewe nani wa marehemu?"

Mize alifungua kinywa. Sasa hapakuwa na mtu wa kumwogopa; aliyekuwa akifichwa ukweli alikuwa ameshazikwa. Alijaribu kusema "shangazi yangu," na koo likatoa mkwaruzo tu, kama mlango mbovu. Zulekha, upande wa pili wa chumba, alikuwa amejifunika uso kwa ukaya.

"Usimtaabishe, bibi," alisema binti wa Hamzah. "Bubu huyo. Alikuwa akimhudumia bibi."

"Masikini," alisema yule mama wa Pujini. "Inaonyesha alimpenda." Akarudisha kikombe chake kwenye sinia, na wengine wakarudisha vyao. Mize akalibeba sinia, akatoka nalo mpaka uani, akachutama penye ndoo akaanza kuviosha.